Kufuli Lililomo Katika Diski

Tuseme shule ya sekondari huko Bonga, mjini Babati, imepewa diski za Blu-ray zenye filamu za biolojia. Mwalimu aitia diski katika kompyuta ya mezani, picha haionekani. Wanafunzi watadhani kwamba mashine ni mbovu. Sivyo.

Vizuizi ni viwili. Cha kwanza ni cha fizikia. Kisoma-diski cha DVD hutumia leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Blu-ray huhitaji leza ya urujuani ya nanomita 405. Kwa kuwa wimbi hilo ni fupi, alama za diski zaweza kuwa ndogo na kusongamana zaidi, hata tabaka moja likabeba gigabaiti 25 badala ya 4.7. Kisoma-diski kipya cha kuchomeka nje huondoa tatizo hili.

Cha pili kimewekwa na watu kwa makusudi. Filamu nyingi za biashara zimefungwa kwa fumbo liitwalo AACS, na Windows haiji na ufunguo wake. Hununuliwa programu yenye leseni. Kwa diski za 4K programu hiyo ilitegemea sehemu iitwayo SGX katika prosesa za Intel, ambayo mwaka 2021 haikuwekwa tena katika prosesa mpya za kompyuta za mezani. Basi kompyuta mpya ikashindwa kazi iliyowezwa na kuukuu!

Kwa maoni yangu, shule isinunue ufunguo huo. Wafadhili waombwe masomo katika faili zisizofungwa. Diski zilizokwisha kufika zichezwe kwa deki ya Blu-ray iliyounganishwa na televisheni, kwani deki hiyo hutoka kiwandani na funguo zake.