Afya ya Jamaa: Mkojo Ukivuja Tena

Twazijua jamaa ambamo mama alishonwa tundu la kibofu, yaani fistula, lililotokana na uzazi mgumu. Alirudi nyumbani kwa furaha. Kisha mkojo ukavuja tena. Majirani wakanong'ona: «Amelogwa.» Sivyo.

Sababu ni mbili hasa. Pengine tundu limefunguka. Pengine limeziba kabisa, lakini mlango wa kibofu umelegea, na mkojo humtoka mama akikohoa au akiinua mzigo. Daktari hutia kibofuni maji ya buluu: yakitokea njia ya uzazi, tundu lipo.

Tundu hushonwa tena na daktari bingwa, kama wale wa Panzi, Bukavu, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1999. Ulegevu hutibiwa kwanza kwa kuikaza kila siku misuli izuiayo mkojo, muda wa miezi 3. Upasuaji hufikiriwa baadaye. Wala mama asijinyime maji: mkojo mzito huchoma ngozi na kuzidisha harufu.

Nanyi waume, yule mwanamke wa Injili aliugua miaka 12, na waganga wengi walishindwa. Bwana wetu alimwita binti. Je, sisi tutamtenga na meza yetu?