MALEZI YA NYUMBANI: Pampu ya Kukamulia Maziwa

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, kuwa kunyonyesha kuliotimia ni miaka miwili kamili, kwa atakaye kutimiza. Na matabibu wa zama hizi hushauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake katika miezi 6 ya kwanza, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata afike miaka 2 na kuzidi. Basi dini na utabibu zimekubaliana. Lililobaki ni kuuliza: mama atokaye kwenda kazini afanyeje?

Swali hili si dogo. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 humpa mama aliyezaa siku 84 za likizo yenye malipo, na akirudi kazini huruhusiwa kumnyonyesha mtoto kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Lakini siku 84 hazitimizi hata miezi 3. Na mwalimu ambaye nyumba yake i mbali na skuli, muda huo utamfaa nini? Wengi huona hawana budi ila kununua maziwa ya kopo. Sisi twasema: kabla ya kopo iko njia nyingine.

Njia hiyo ni pampu ya kukamulia maziwa. Ziko za mkono, na ziko za umeme. Huwekwa juu ya titi, ikayavuta maziwa kwa upole yakaingia chupani. Faida yake ya kwanza, mtoto hupata maziwa ya mamake naye mama hayupo. Ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kuwa matiti huzalisha kwa kadiri yatolewavyo maziwa. Mama akishinda kutwa hanyonyeshi wala hakamui, matiti hujaa na kuuma, kisha siku baada ya siku maziwa hupungua. Akikamua kila baada ya saa 3 hivi, maziwa hudumu. Ya tatu, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, asiye na nguvu za kunyonya, hukamuliwa akanyweshwa taratibu. Na asiyeweza kununua pampu akamue kwa mkono uliooshwa. Njia hiyo ni ya zamani wala haina gharama.

Yako maneno husemwa kwamba maziwa yaliyokwisha kutoka katika titi yamelala, humdhuru mtoto. Kinachodhuru ni uchafu na joto. Mama na anawe mikono, na vyombo avioshe kwa sabuni na maji ya moto, aviache vikauke. Mahali pasipozidi nyuzi 25 maziwa hukaa saa 4. Katika jokofu, siku 4. Yakigandishwa, miezi 6. Nasi tukaao pwani tujue kuwa joto letu mara nyingi hupita kiasi hicho, kwa hivyo yatiwe baridini upesi. Yatakapotumiwa, chupa itiwe katika maji ya vuguvugu, yasichemshwe motoni. Na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi.

Liko na jambo la sharia. Nyumba zetu nyingi hukaliwa na wake wa ndugu wawili au watatu, na jokofu ni moja. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mtoto asiyetimia miaka miwili akinywa maziwa ya mwanamke mara 5 mbalimbali huwa mwanawe wa kunyonya, japo ameyanywa kwa kikombe. Chupa zikichanganywa leo, baada ya miaka 20 itakuja posa baina ya ndugu wa kunyonya, wala hapana ajuaye. Basi kila chupa na iandikwe jina la mama na tarehe, na mlezi wa mtoto aonywe.

Mwisho twasema na waume. Aya hiyo hiyo imemlazimu baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa wema. Pampu tusiihesabu kuwa ni anasa ya wanawake. Tukiweza kununua kopo kila wiki, hatushindwi na chombo kinunuliwacho mara moja.

Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.