Kidonge cha upara na mimba ya mama

Kisha mkutano wa juma lililopita mwenzetu mmoja alinivuta pembeni. Bwana yake ana miaka 38, nywele zinamtoka mbele na utosini, na rafiki yake amemletea vidonge vilivyokatwa vipande vinne ndani ya karatasi. Mama huyo ana mimba ya miezi mitatu. Alitaka kujua kama dawa hiyo itamaliza pesa ya likelemba. Nikamwambia pesa ingoje kwanza.

Dawa yenyewe inaitwa finasteridi. Ilianza kama dawa ya wazee wenye ugonjwa wa prostati, kidonge cha miligramu 5. Kwa nywele inatosha miligramu 1, ndiyo maana watu wanakikata. Inapunguza homoni inayodhoofisha mizizi ya nywele za mbele na utosini. Lakini homoni hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza viungo vya kiume vya mtoto tumboni. Mama mwenye mimba akishika kidonge kilichovunjika, unga wake unaweza kupita katika ngozi na kumfikia mtoto. Akiwa mwanaume, viungo vyake vinaweza kuumbika vibaya. Kidonge kizima kina ganda linalozuia. Kwa hiyo kisikatwe nyumbani, na bwana akihifadhi mwenyewe. Kama umekwisha kukigusa, nawa kwa maji na sabuni, halafu mwambie mkunga.

Kuna jambo lingine ambalo wachache wanalifikiri. Kwetu mama akipoteza damu akizaa, ndugu na mabwana ndio wanaitwa kutoa damu. Mwanaume anayemeza finasteridi asitoe damu mpaka mwezi mmoja upite tangu kidonge cha mwisho, kwa sababu damu yake inaweza kupewa mwenye mimba. Aseme wazi anapoulizwa.

Je, inasaidia? Ndiyo, kwa wanaume wengi inapunguza kutoka kwa nywele, na kwa wengine zinarudi kidogo. Lakini inaomba miezi mitatu hadi sita kabla ya kuonekana kitu, na akiacha, kwa mwaka mmoja faida yote inapotea. Wengine wanapungukiwa hamu ya ndoa. Mama asiyejua atafikiri mara moja kuna biro ya pili!

Dawa ya kupaka, minoksidili, inatiwa kichwani mara mbili kwa siku. Majuma ya kwanza nywele zinaweza kutoka zaidi. Hiyo ni kawaida. Nayo haiachwi, maana akiacha zinaanguka tena. Ilikuwa dawa ya tansiyo, kwa hiyo mtoto akinywa hata kidogo, tansiyo yake inaweza kushuka kwa hatari. Chupa iwekwe juu, na bwana anawe mikono kabla ya kubeba mtoto.

Wenye pesa wanasafiri, wengi mpaka Istanbul, wahamishiwe nywele za kisogoni kuja mbele. Ni maelfu ya dola. Tena mtu ambaye makovu yake yanavimba na kuwa makubwa amwambie munganga mbele ya kukatwa. Peruki ya wanaume ipo pia, inabandikwa kwa gundi. Kwa joto na jasho la huku, mimi singeichagua.

Na wale ndugu za bwana wanaosema upara umetoka katika ukoo wa mama: ni nusu ya kweli. Sehemu moja ya urithi inapita kwa mama, sehemu nyingine zinatoka pande zote mbili. Usikubali kubeba peke yako.

Upara wa kurithi hauumi wala hauwashi. Mkiona viraka vya duara, magamba, vidonda, au nywele zimeanguka kwa ghafula, hiyo ni habari nyingine, mwende kituo cha afya. Kwa watoto mara nyingi ni ukungu wa ngozi, na unahitaji dawa ya kumeza. Pomada peke yake haitoshi.

Mwenzetu yule alirudisha karatasi kwa bwana yake, naye akairudisha kwa rafiki. Sasa ananyoa kichwa chote kwa mashine. Ninyi ambao mabwana wenu wanatumia tayari, andikeni jina la dawa na mlilete siku ya CPN.