Mwanafunzi wa udaktari aandike na saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni yangu juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini kwetu tunaoishi mbali na hospitali kubwa ni jambo la uhai. Nazungumzia jinsi wanafunzi wa udaktari wanavyoandika habari za mgonjwa wa dharura.

Mgonjwa wa Usevya akipelekwa Mpanda, barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Katavi. Aliyezirai hawezi kujieleza, na ndugu anayemsindikiza amechanganyikiwa. Kinachobaki kusema ni karatasi. Niliwahi kumsindikiza mtoto wa ndugu yangu mwenye degedege. Karatasi tuliyopewa katika kituo kimoja, ambacho sikitaji, ilisema amechomwa sindano, apelekwe mbele. Sindano gani, kiasi gani, saa ngapi, haikusema. Tulikopelekwa, mganga akatuuliza sisi! Dawa ya kutuliza degedege ikizidi huweza kuzuia pumzi. Ikipungua, degedege huendelea kumdhuru mtoto. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Aliyeandika alikuwa kijana wa mafunzoni. Simlaumu, maana hakuna mkubwa wake aliyesoma alichoandika.

Nchi yetu haikosi ujuzi huu. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya msingi ya huduma za dharura yenye utaratibu mmoja: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa na kumkagua mwili mzima. Utaratibu huo wa kutibu uwe pia utaratibu wa kuandika. Nashauri hivi:

Kwanza, mgonjwa ahudumiwe, kisha kalamu ifuate papo hapo. Kila jambo liandikiwe saa yake: alipofika, alipopimwa, alipopewa dawa, na hali yake baada ya dawa.

Pili, mwanafunzi atenganishe alichokiona mwenyewe na alichoambiwa, na aliyemwambia ni nani. "Hali nzuri" si kipimo. Mapigo ya moyo, pumzi, joto na shinikizo la damu ndivyo vipimo. Hata fahamu zina kipimo cha Glasgow tangu mwaka 1974, kuanzia 3 hadi 15.

Tatu, maneno ya mgonjwa yahifadhiwe kwa Kiswahili. Mama akisema degedege, iandikwe degedege, ilianza lini na imerudi mara ngapi. Ikigeuzwa haraka kuwa "homa" kwa Kiingereza, habari kubwa imepotea.

Nne, kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisomeke, litiwe saini na saa. Lisifutwe. Majeruhi mwenye PF3 ya polisi anaweza kufika mahakamani, na maandishi hayo yakaulizwa.

Tano, mwanafunzi ajitambulishe kuwa ni mwanafunzi, na daktari msimamizi asome na kutia saini yake. Mambo ya mgonjwa yasipigwe picha na kutembezwa kwenye simu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wapo watakaosema wagonjwa ni wengi na wahudumu ni wachache. Ni kweli. Lakini jina la dawa, kiasi, saa na saini ni mstari mmoja tu, nao haumalizi dakika. Wengine watasema kompyuta zitamaliza tatizo. Kompyuta hutunza kile ilichopewa. Ikipewa karatasi yenye mapengo, itatunza mapengo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ni hivyo, je, uhai wa mtoto? Nawaomba walimu wa vyuo vya udaktari walitilie jambo hili mkazo, na wasimamizi mahospitalini wasiwaachie vijana kalamu peke yao.

Mzazi,
Usevya, Katavi.