Utamaduni Hauonjwi

Kuonja ni kazi ya jikoni. Mpishi huchota mchuzi kwa ncha ya mwiko, akaugusisha ulimi, kisha akaendelea na shughuli zake. Aliyeonja hakula, wala hakupika. Hata hivyo vitabu vya kuwaongoza watalii humwahidi msafiri aendaye Peru, Bolivia na Ekwado kwamba atapanda milima ya Andes na huko "ataonja utamaduni wa wenyeji". Sisi tunalipinga neno hilo. Hatulipingi kwa kupenda ubishi, bali kwa kuwa limebeba fikra nzima ndani yake, yaani kwamba utamaduni wa watu ni kitoweo kilichokwisha kuiva, kinamngoja mwenye fedha apite na kijiko chake.

Pengine msomaji atauliza mambo ya milima iliyo ng'ambo ya Atlantiki yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Kiazi cha mviringo kilimwacho Mbeya na Njombe asili yake ni milima hiyo. Muhogo na mahindi navyo vilitoka katika bara hilo hilo la Amerika, ingawa mahindi tumeyapa jina linukialo Uhindini, kama vile mabaharia wa Hispania walivyopotea njia wakawaita wenyeji wa huko Wahindi. Lakini kubwa kuliko chakula ni hili: watu hao walitawaliwa na Wahispania kwa karibu miaka 300, wakaambiwa kwamba lugha zao ni za kishenzi, na uhuru ulipokuja katika karne ya 19 waliendelea kuambiwa hivyo hivyo na watu wa nchi yao wenyewe. Kasumba ya namna hiyo hatuhitaji kusimuliwa.

Tuanze na Machu Picchu, maana kila msafiri huanza hapo. Vitabu husema kwamba mji huo wa Wainka "uligunduliwa" mwaka 1911 na Hiram Bingham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Bingham alipofika aliwakuta wakulima wakiishi palepale, wakilima juu ya matuta yaliyojengwa na Wainka, na mtoto wa hapo ndiye aliyemtembeza. Ukutani aliliona jina la Agustín Lizárraga, mkulima wa bonde hilo, limeandikwa pamoja na mwaka 1902. Huo ndio ugunduzi! Mwanafunzi wetu aliyepata kusoma kwamba Rebmann "aligundua" Kilimanjaro mwaka 1848, ati kana kwamba Wachaga hawakuwahi kuinua macho, ataelewa bila maelezo zaidi. Vyungu, mifupa na zana zilizochimbuliwa zilipelekwa Yale, na Peru ilihangaika kuzidai hata ziliporudishwa kati ya mwaka 2011 na 2012. Kwa hiyo mtoto wa Cusco aliyetaka kuviona vyombo vya mababu zake katika karne ya 20 alipaswa kuvuka bahari kwenda kuviangalia kwa mgeni.

Hatuyadharau mawe. Sisi tuliopita katika vichochoro vya Cusco tumesimama mbele ya jiwe lenye pembe 12, limepachikwa kati ya wenzake bila udongo wala saruji, na tumekiri kwamba waashi wale walikuwa mabingwa. Tumeingia Qorikancha, hekalu la jua, ambalo Wahispania waliliezua wakajenga juu yake nyumba ya watawa wa Mtakatifu Dominiki. Na tetemeko la mwaka 1950 lilipoyabomoa majengo ya mgeni, kuta za Wainka zilibaki zimesimama. Anayeona hayo asisisimke ana moyo mgumu. Lakini mtalii akishasisimka hutoka nje, na pale mlangoni huketi mama anayeuza soksi za sufi, mjukuu wa hao waashi, anasema lugha ile ile waliyoisema wao walipokuwa wakichonga. Mtalii hampi hata salamu. Amemaliza utamaduni ndani. Huku nje anaona umaskini tu.

Wala kosa hili si la mtalii peke yake. Mwanahistoria wa Peru, Cecilia Méndez, aliandika makala ambayo jina lake tu latosha kuwa hukumu: Wainka ndiyo, Wahindi hapana. Maana yake ni kwamba dola na mabwana wa mjini walijivunia wafalme waliokufa, huku wakiwadharau wana wao walio hai. Mfalme aliyekufa hana dai. Haombi ardhi, haombi shule, haombi mkalimani mahakamani.

Na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wetu, nacho ni lugha. Mwaka 1780 Túpac Amaru wa Pili aliwaongoza wakulima wa Andes katika uasi mkubwa, na Mei 1781 aliuawa kikatili katika uwanja wa Cusco. Baada ya kumwua, watawala hawakutosheka na damu. Walipiga marufuku mavazi ya Kiinka na michezo ya kuigiza ya kuwakumbuka wafalme, wakaagiza watu waachishwe Kikechua na kufundishwa Kihispania. Mkoloni alijua jambo ambalo mtalii halijui: alijua utamaduni unakaa wapi. Kuta aliziacha zisimame, ulimi akataka kuukata.

Ilipita karibu karne mbili kabla serikali ya Peru haijathubutu kulipa deni hilo. Mwaka 1975 serikali ya Jenerali Juan Velasco Alvarado ilitangaza kwamba Kikechua ni lugha rasmi ya taifa sawa na Kihispania, na kwamba tangu mwaka 1976 kifundishwe katika shule zote. Velasco alipinduliwa mwaka ule ule, na katiba ya mwaka 1979 ikairudisha lugha hiyo nyuma, ikawa ni ya kutumiwa mahali fulani fulani tu. Katika sensa ya mwaka 2017 watu zaidi ya milioni 3.7 nchini humo walisema kwamba Kikechua ndiyo lugha waliyojifunza kwanza utotoni. Hata hivyo, mwaka 2006 wabunge wawili wanawake kutoka Cusco, María Sumire na Hilaria Supa, walipotaka kula kiapo cha bunge kwa Kikechua, walikuta baadhi ya wenzao wanakasirika! Na kila tarehe 24 Juni, mjini kwao Cusco, maelfu ya wageni hulipia viti kutazama Inti Raymi, sikukuu ya jua iliyopigwa marufuku na Wahispania na kufufuliwa kama igizo mwaka 1944, ambamo mwigizaji aliyevaa kama mfalme huhutubia kwa Kikechua. Lugha moja: ikisemwa na mwigizaji hulipiwa kiingilio, ikisemwa na mbunge huleta ghasia.

Walimu wa Kiswahili wasicheke sana. Katika mahoteli yetu mgeni husalimiwa "Jambo", neno ambalo sisi kwa sisi hatusalimiani nalo hivyo, limenyolewa viambishi vyote ili lisimchoshe ulimi.

Haki itendeke: Ekwado katika katiba yake ya mwaka 2008, na Bolivia katika ile ya mwaka 2009, zimezipa lugha za wenyeji nafasi ambayo hazikuwa nayo, Bolivia imetaja lugha rasmi 36 pamoja na Kihispania. Karatasi bado haijawa darasa, lakini ni heri karatasi kuliko marufuku.

Sasa tuje kwenye biashara, kwani watu hupenda kusema utamaduni ni "mali". Kama ni mali, ina mwenyewe. Katika ziwa Titicaca, mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, kuna kisiwa kiitwacho Taquile. Huko wanaume hufuma kofia za sufi kwa sindano, na wanawake husuka mishipi mipana yenye michoro ya kalenda ya kilimo. Kofia nyekundu tupu ni ya mwanamume aliyeoa. Yenye ncha nyeupe ni ya mseja. (Tumemwona mzee mmoja wa Kizungu, mkewe kamshika mkono, amevaa ya mseja kwa fahari kubwa.) Watalii walipoanza kufika katika miaka ya 1970, wanakisiwa hawakungoja kampuni. Walinunua mashua zao, wakawagawa wageni kwa zamu nyumba kwa nyumba, na bei wakaipanga katika mkutano wao. Lakini katika miaka ya 1990, kwa hoja ya soko huria, usafiri uliwatoka mikononi ukaingia kwa wafanyabiashara wa Puno. Mwaka 2005 UNESCO ikautangaza ufumaji wa Taquile kuwa hazina ya wanadamu wote. Sifa walipewa wanakisiwa. Sehemu kubwa ya nauli ilikwisha kwenda kwa wengine. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi maana ya ukoloni mamboleo hana haja ya mfano mwingine.

Hata wimbo huchukuliwa. Mwaka 1989 kundi la Kaoma lilitoa huko Ufaransa wimbo wa Lambada, ukavuma dunia nzima. Sauti yake ilikuwa ya wimbo wa Los Kjarkas wa Bolivia, uliotoka mwaka 1981. Wenyewe walilazimika kushtaki ndipo haki yao itambuliwe, na hadi leo wengi waliocheza Lambada hawajapata kusikia kwamba ilizaliwa milimani.

Wapo watakaotujibu hivi: "Nyinyi washairi mnalalamika tu, bila mtalii mambo haya yote yangekwisha kufa." Hoja hii huletwa hata kwetu, kila ngoma inapopunguzwa iwe ya dakika kumi ili wageni wasichelewe chakula. Tuipime kwa daraja.

Juu ya mto Apurímac, katika mkoa wa Cusco, kuna daraja la kamba liitwalo Q'eswachaka, lenye urefu wa mita karibu 30, lililosukwa kwa majani makavu ya milimani. Kamba ya majani haidumu, kwa hiyo kila mwaka mwezi wa Juni jamii nne za wakulima hulisuka upya. Kila nyumba huleta kamba nyembamba zilizosokotwa kwa mikono. Nyembamba hufungwa pamoja zikawa nene, nene husukwa zikawa nguzo za daraja, ambazo wanaume huzivuta kutoka kingo zote mbili huku wakipiga kelele za kutiana nguvu. Daraja la zamani hukatwa likaachwa liende na maji. Kisha mafundi wawili huanza kusuka, mmoja upande huu na mmoja upande ule, hata wakutane katikati juu ya korongo. Kazi huisha kwa siku tatu, na ya nne ni karamu. Kushirikiana huko wao hukuita ayni: leo kwangu, kesho kwako. Waliolelewa katika msaragambo hawahitaji tafsiri.

Karibu na hapo pana daraja la chuma la magari. Hivyo hakuna anayelazimika kulisuka lile la majani ili avuke. Wanalisuka kwa kuwa kulisuka ndiko kunakowafanya kuwa jamii nne badala ya watu wengi tu. Mtalii anakaribishwa kutazama, lakini hakuna kamba hata moja iliyosokotwa kwa ajili ya kamera yake. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya Uviko, kazi haikufanyika, na Machi 2021 daraja lilikatika likaanguka mtoni. Wageni walikuwa bado hawajarudi kwa wingi nchini. Juni ya mwaka huo huo wakulima walitoka na majani yao, wakalisuka.