Nimeshinda au Nimeshindwa?

Jirani yangu, mama mjane, alinijia jioni moja na hukumu ya shauri lake la kiwanja, kurasa kumi na mbili za Kiingereza kitupu. Akaniuliza: "Mwalimu, nimeshinda au nimeshindwa?" Ushahidi aliutoa kwa Kiswahili, na hakimu alimwelewa. Hukumu ndiyo iliyomgeuka lugha.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini ni haki gani msumeno huo ukate gizani? Mahakama haipokei udhuru wa mtu kusema hakuijua sheria. Basi anayemlazimisha raia kuijua, na amwandikie kwa lugha anayoielewa.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, likakibakizia Kiingereza nafasi pale tu haki itakapokihitaji. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, sheria hubadilishwa kwa kura. Desturi haina kura. Wapo ambao hadi leo huona hukumu ya Kiswahili haina uzito, na mlango ule wa dharura wameugeuza kuwa mlango wa mbele.

Kisingizio chao ni uhaba wa msamiati. Msamiati upi? Shauri, shahidi, dhamana, fidia, mirathi, rufaa: yote tunayo, na mahakama za mwanzo zimeyatumia kwa miongo mingi. Lugha inayotosha kumpeleka mtu gerezani hushindwaje kumweleza sababu? Shekhe Kaluta Amri Abedi, aliyewapa washairi kitabu cha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, ndiye aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963. Vina na vifungu vilikaa katika kichwa kimoja bila kugombana.

Nasi walimu tumo lawamani. Nimefundisha sekondari hadi nikastaafu, na nimewaadhibu watoto kwa kosa la kusema Kiswahili nje ya kipindi chake. Mahakimu wa leo ni wanafunzi wetu wa jana. Aibu hiyo tuliwafundisha sisi, na wamefaulu.

Yule mama nilimjibu kwamba ameshindwa. Siku za kukata rufaa zilikuwa zimekwisha, naye karatasi ile alikuwa ameitunza sandukuni muda wote huo, akidhani ndiyo hati ya ushindi wake.