Sashe mtoni, dawa hospitalini: ni shida moja

Ndugu wanakoperative wa Fizi na Baraka,

Kila tukizungumzia sashe na mabidoni yanayotupwa mtoni, jibu ni lile lile: "Plastiki ni uchafu tu, haiui mtu." Sisi maagronome hatukubaliani na jibu hilo.

Plastiki inachanganywa na kemikali kiwandani, kama fitaleti za kuilainisha na bisifenoli. Ikikaa kwenye maji na jua kali, kemikali hizo zinatoka polepole. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi yake zinachokoza vijidudu: ngozi ya kijidudu inalegea, na vijidudu vinapeana kwa wingi zaidi zile jeni za kushinda antibiotiki. Tena juu ya plastiki vinajenga utando na kubanana kama watu siku ya soko, kwa hiyo kupeana kunakuwa rahisi.

Sasa jeni hizo zinatoka wapi? Hapo ndipo sisi watu wa shamba na mifugo tunaingia. Kuku akikohoa, mtu anakimbilia tetrasikilini, anaitia kwenye maji siku mbili, kuku akichangamka anaacha. Sehemu kubwa ya dawa inatoka na mavi ingali na nguvu. Mvua inayapeleka mtoni, yanakutana na kinyesi cha watu na sashe, yote yanashuka Ziwa Tanganyika. Na maji ya kunywa wengi wanachota huko huko.

Huku kwetu kolera si mgeni. Kweli, tiba yake ya kwanza ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi, lakini mahututi anapewa pia doksisiklini, na hiyo ni ndugu wa tetrasikilini. Julai 1994 kule Goma, kijidudu cha kolera kilikuwa kimeshazoea zote mbili, na nyingine kadhaa. Mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Hatusemi plastiki ndiyo iliyowaua. Tunasema kwamba mashariki mwa Kongo tumeshaona dawa ikishindwa, haifai tuisaidie kushindwa tena.

Serikali ilikataza sashe kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017. Kila mmoja anajua zinavyozagaa bado. Basi tusingoje. Tunaomba kila koperative ikubaliane mambo matatu:

1. Hakuna antibiotiki bila veterineri, na dozi imalizwe. Kuku wote wasipewe dawa eti kwa kuzuia.

2. Mavi yakae kwenye komposti kwanza, yapate joto na kuiva, mbali na mto. Mavi mabichi yasiwekwe kwenye lengalenga.

3. Kila depo iwe na gunia la plastiki. Bidoni la dawa ya shamba litobolewe, lisichotewe maji kamwe.

Wengine watauliza: gunia likijaa, tulipeleke wapi? Swali ni la haki, ju huku hakuna lori la takataka. Kuchoma si jibu, moshi wake ni sumu. Kwa sasa, shimo mahali mafuriko hayafiki, mbali na kisima, ni afadhali kuliko mto. Na koperative zikiwa na magunia yaliyohesabiwa, zitakuwa na neno la kusema mbele ya mkuu wa teritware na mashirika. Mtu mwenye kulalamika mikono mitupu hasikilizwi.